Mungu mwema, muweza wa yote, na shari imejaa duniani: leteni jibu lisilokwepa swali

#1 KitendawiliTega
Wakuu, salaam. Naweka mambo manne mezani. Mungu anajua yote. Anaweza yote. Ni mwema kabisa. Na maovu yapo, pamoja na mateso ya wasio na hatia. Nadai hakuna mtu anayeweza kuyabeba yote manne. Ukikumbatia matatu, la nne linadondoka.

Epicurus, Mgiriki aliyefariki mwaka 270 KK, alishafunga mjadala: anataka kuiondoa shari ila hawezi? Basi ni dhaifu. Anaweza ila hataki? Basi ana kijicho. Hataki wala hawezi? Huyo si Mungu. Anataka na anaweza? Basi hii shari inatoka wapi, na mbona haondoi?

Jibu la "njia zake hazichunguziki" sitaki. Huko ni kufunga duka mchana. Na matusi kwa dini ya mtu hayatakiwi humu.

#2 Mzee Tafakuri
Umeanza vizuri ila umechemka mahali pawili.

Maneno hayo hayamo katika maandishi ya Epicurus yaliyotufikia. Tunayapata kwa Lactantius, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 4, katika kitabu chake kuhusu hasira ya Mungu, sura ya 13. Na aliyanukuu ili ayajibu: alisema mtu asingepata hekima bila kuwepo kibaya cha kukitambua na kukikwepa. Kilichoyapa umaarufu ni kitabu cha mazungumzo cha mwanafalsafa David Hume kilichochapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake. Epicurus mwenyewe hakukana miungu. Alisema ipo, imestarehe, haina habari na sisi.

La pili ni zito zaidi. Mambo yako manne, yalivyo hivyo, hayapingani. "Yupo mwema muweza wa yote" na "shari ipo" ni kama "yupo daktari bingwa" na "mgonjwa analia". Mpaka uongeze kitu. Mwanafalsafa J. L. Mackie aliliona hilo mwaka 1955, ndiyo maana akaongeza kanuni mbili: kwamba mwema daima huondoa ubaya kwa kadiri awezavyo, na kwamba muweza wa yote hana mpaka wa anachoweza. Vita vyote tangu hapo ni juu ya kanuni hizo mbili.

#3 Chanikiwiti
Nimeweka kigoda. Wenye nondo shusheni.

#4 BintiMizani
Nyuzi za namna hii hukoroga vitu viwili, utetezi na teodisia. Teodisia inadai kukueleza sababu halisi ya Mungu kuiruhusu shari. Utetezi hauna makuu hayo. Mleta mada kasema "haiwezekani", kwa hiyo kumjibu inatosha kuonyesha hali moja tu inayowezekana, hata kama sivyo mambo yalivyo kweli.

Utetezi maarufu ni wa mwanafalsafa Alvin Plantinga, 1974. Hatua zake:

1. Kuweza yote si kutenda yanayojipinga. Hakuna duara lenye pembe nne, na kukosekana kwake si udhaifu wa mtu.
2. Kumlazimisha mtu achague kwa hiari yake ni jambo la aina hiyo hiyo.
3. Kwa hiyo, ukishaumba watu huru, ulimwengu utakavyokuwa unategemea pia wao wataamua nini.
4. Inawezekana kwamba kila mtu ambaye Mungu angemuumba huru angekosea walau mara moja, vyovyote vile ulimwengu ungepangwa.
5. Ikiwa ni hivyo, wema wa hiari usio na doa hata moja haukuwa katika vitu vya kuchagua.

Hatua ya 4 ndiyo huangusha wengi. Watu husoma "ni kweli kwamba kila mtu angekosea", halafu wanapinga. Plantinga anadai "inawezekana" tu, na kwa kazi ya utetezi hiyo yatosha.

#5 KitendawiliTega
Asante #2, nimesahihishika kuhusu Epicurus.

Kwa #4: peponi je? Waumini wenyewe wanasema huko watu watakuwa na hiari na hawatatenda dhambi. Kumbe hiari isiyo na dhambi inawezekana. Tena Mungu mwenyewe mnasema yuko huru na hakosei kamwe. Sasa kwa nini tusianzie huko huko?

Halafu tetemeko la ardhi linahusiana vipi na hiari ya mtu? Na mtoto anayezaliwa na ugonjwa?

#6 BintiMizani
Hoja ya peponi ina meno, sikatai. Jibu la kawaida ni kwamba watu wa peponi wameshafanya uchaguzi wao hapa, tabia zikakomaa kwa hiari yao wenyewe. Ukiwaanzishia huko, ukomavu huo si wao. Inazuia kiasi, haizibi. Malaika hawakupitia darasa hilo, na wengi hatudhani wana upungufu.

Matetemeko: Plantinga alisema inawezekana yanatokana na viumbe huru wasio binadamu. Mashetani, kwa lugha nyepesi.

#7 Sikio la Kufa
Kwa hiyo mabamba ya ardhi yanasukumwa na majini? Hii sasa ni chai.

#8 BintiMizani
Kama teodisia, ndiyo, ni chai. Kama utetezi, hauhitaji iwe kweli. Rudi #4 usome polepole, nakusubiri.

#9 Nahau
Naomba niingilie upande wa lugha, maana nusu ya ugomvi wa uzi huu unatokana na neno moja.

"Uovu" kwa Kiswahili una mtu nyuma yake. Mwizi ana uovu. Tetemeko halina uovu, lina madhara, linaleta maafa. Ukiuliza "kwa nini kuna uovu?" msikilizaji anawaza wakosefu, na jibu la hiari linaonekana limetosha. Ukiuliza "kwa nini kuna shari?" au "kwa nini kuna mateso?" jibu lile lile linapwaya papo hapo. Lugha kadhaa za Ulaya zina neno moja la kubeba vyote, ndiyo maana wanafalsafa wao hulazimika kuligawa: ubaya wa kimaadili na ubaya wa kimaumbile. Sisi tumeshagawiwa tayari, halafu tunatafsiri vibaya.

Tazameni Isaya 45:7 katika Biblia ya Union Version: "nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya". Neno la Kiebrania hapo, *ra*, linabeba uovu na pia maafa, na kwa kuwa limewekwa kinyume cha *shalom*, wengi husoma maafa. Mtafsiri kaweka "ubaya", neno pana, akaacha mlango wazi. Angeandika "uovu" pangewaka moto. Na Sura ya 113 ya Qur'ani, aya ya 2, inaomba kinga na "shari ya alivyoviumba". Yaani aya inaitaja shari na kuumbwa kwa pumzi moja, wala haitetereki.

#10 Chanikiwiti
Nahau huwa anaingia "kidogo tu upande wa lugha" halafu anaondoka na uzi mzima.

#11 Kurunzi
#9 katuletea kuni, ngoja niwashe. Kama shari ni kitu, basi kimeumbwa, na aliyeumba ni Mungu. Agostino wa Hippo, mwanateolojia Mkristo wa kale, ndipo alipokwama. Alikaa miaka kama tisa kwa Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili za tangu milele zinazopigana. Jibu rahisi: Mungu mwema si mweza wa yote, ana mpinzani. Agostino akalitema baadaye akaja na lake, kwamba shari si kitu, ni upungufu wa kitu. Upofu haukuumbwa, kilichoumbwa ni jicho, upofu ni kukosekana kwa kuona pale palipostahili kuona. Jiwe halioni lakini hatuliiti kipofu.

Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki 1037, anapita njia jirani. Shari yenyewe ni kukosekana, na mengine ni shari kwa matokeo tu, si kwa asili yake. Moto ukiwa moto kweli lazima uunguze, na siku moja utagusa nguo ya mtu mwema. Ukitaka moto usiounguza nguo yake, umetaka kitu kingine, si moto. Na kuacha heri nyingi kwa kuogopa shari kidogo ni shari kubwa zaidi.

#12 Sikio la Kufa
Upofu sawa. Maumivu je? Jino likiuma ni kitu gani kimekosekana? Maumivu yana mishipa yake ya fahamu, yana njia yake hadi kwenye ubongo, yanapanda na kushuka, dawa inayazima. Kama ni kutokuwepo kwa kitu, mbona ganzi ndiyo inaleta kutokuwepo na tunashukuru?

#13 Kurunzi
Pigo zuri. Wanaotetea husema maumivu yenyewe ni mazuri, ni kengele. Kilicho shari ni jeraha linaloyasababisha. Na kengele ina kazi kweli: wapo watu wachache wanaozaliwa bila kuhisi maumivu kabisa, huunguza mikono, huuma ndimi zao, huvunjika mifupa bila kujua.

Ila kuna maumivu ya mishipa yenyewe kuharibika, kidonda kimepona zamani na kengele haizimiki. Hapo ubaya ni ule mlio wenyewe. Mimi naona nadharia ya upungufu inajibu "nani kaiumba shari?" vizuri sana, na haigusi kabisa "kwa nini kairuhusu?". Ni maswali mawili.

#14 Msomi wa Kalam
Mnazunguka na Wagiriki na Walatini tu. Elimu ya kalam, yaani teolojia ya Kiislamu ya kujadili kwa hoja, ililitafuna swali hili karne nyingi.

Mu'tazila, kundi mojawapo la wanakalam, walisema Mungu ni mwadilifu, na uadilifu tunaujua kwa akili. Dhuluma ni dhuluma hata ikitoka juu. Kwa hiyo kila ugonjwa wa asiye na kosa lazima uwe na manufaa ndani yake pamoja na *iwadh*, fidia. Qadhi Abd al-Jabbar, aliyefariki 1025, aliipangia fidia hiyo masharti, na wanyama wakaingizwa pia. Ng'ombe aliyeteseka anadai.

Al-Ash'ari akatoka katika kundi hilo. Inasimuliwa alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i juu ya ndugu watatu: mmoja kafa muumini, mmoja kafa mkosefu, mmoja kafa mtoto. Mtoto anauliza, "Mbona hukuniacha nikue nipate daraja ya kaka yangu?" Anajibiwa, "Nilijua ungekua mkosefu, nikakuchukua mapema kwa faida yako." Hapo mkosefu anapaza sauti kutoka motoni: "Na mimi ulijua! Mbona hukunichukua mapema?" Al-Jubba'i akanyamaza.

Hitimisho la Ash'ari: acheni kumpimia Mungu kwa mizani yetu. Chema ni alichokiita chema. Sura 21:23, haulizwi anayoyafanya, na wao ndio watakaoulizwa.

#15 Sikio la Kufa
Msomi wa Kalamu, au wa Penseli?

#16 Mzee Tafakuri
Kisa kitamu, lakini hadhari. Wanahistoria kadhaa wanatilia shaka kama mazungumzo hayo yalitokea. Al-Jubba'i alikuwa wa tawi la Basra, na Basra walisema Mungu anawajibika kutenda lililo bora katika mambo ya *dini* tu. Waliosema ni katika kila jambo ni tawi la Baghdad. Kwa hiyo swali la ndugu watatu linawabana Baghdad zaidi kuliko yule anayedaiwa kubanwa. Yaelekea wafuasi waliushona mjadala baadaye.

Na jibu la Ash'ari linamponya Mungu na shutuma kwa gharama kubwa. Ikiwa "chema" ni chochote akitendacho, basi kusema "Mungu ni mwema" ni kusema "Mungu hutenda atendayo". Umebaki na jambo la tatu la mleta mada kwa jina tu.

#17 Msomi wa Kalam
Sahihisho la Basra nalipokea. Kuhusu gharama, Waash'ari hawakuishia hapo. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika katika Ihya, kitabu chake kikubwa, kwenye kitabu cha tauhidi na kutawakali, kwamba haiwezekani kuwepo kilicho bora kuliko kilichopo. Maulamaa wakamshambulia karne kwa karne: huoni umemfunga Mungu mikono? Wengine wakamtetea. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja mizani ya hekima ilirudishwa kwa mlango wa nyuma.

Na msisahau kisa cha Musa na Khidhr, Sura ya 18. Jahazi linatobolewa, kijana anauawa, ukuta wa watu wachoyo unajengwa bure. Kila tendo linamchefua Musa, kila moja linafunuliwa siri yake mwishoni.

#18 BintiMizani
Nyongeza ndogo: Qur'ani haimtaji kwa jina Khidhr, inasema tu "mja miongoni mwa waja wetu". Jina ni la hadithi.

Na angalieni kisa kinavyofanya kazi. Musa *alielezwa*. Anayeteseka leo haelezwi. Kisa kinathibitisha kwamba sababu iliyofichika inawezekana, hakikupi sababu ya tukio lako. Anayekitumia kumwambia mfiwa "mwanao angekuwa mkosefu" amejivika vazi la Khidhr bila ruhusa.

#19 Ubao Mweusi
Kwenye falsafa ya Ulaya, wazo hilo la Ghazali alilichukua mwanafalsafa Leibniz baada ya tetemeko la Lisbon, Ureno, akasema huu ndio ulimwengu bora kuliko yote inayowezekana.

#20 Mzee Tafakuri
Hapana, hapana. Leibniz alikufa 1716. Kitabu chake cha Teodisia, ambacho ndicho kilichotupa neno hilo, ni cha 1710. Lisbon ilipigwa tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa; ikafuata bahari, kisha moto wa siku kadhaa. Tetemeko halikumpa Leibniz wazo, lilimharibia. Mwandishi Voltaire alitoa shairi lake juu ya tetemeko hilo 1756 na riwaya ya Candide 1759, na tangu hapo kusema "ulimwengu bora" ni kuchekwa. Wala usiseme "alilichukua" kwa Ghazali. Zinafanana, kufanana si kurithi.

Ila wengi wanaoishia kwa Voltaire wanamruka mwanafalsafa Rousseau. Agosti 1756 alimwandikia Voltaire kwamba si maumbile yaliyokusanya pale nyumba 20,000 za ghorofa sita hadi saba. Hilo ni wazo jipya kabisa kwa wakati wake: sehemu ya "shari ya kimaumbile" ina saini ya binadamu.

#21 Ubao Mweusi
Nimekula kona, asante. Lakini hilo la Rousseau linapimika. Haiti, 12 Januari 2010, kipimo 7.0, makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, ila mengi yanavuka laki moja. Chile, 27 Februari mwaka huo huo, kipimo 8.8, waliokufa ni mia tano na kitu, tena sehemu yao waliuawa na mawimbi ya tsunami. Kila nukta moja ya kipimo ni nishati takriban mara 32, kwa hiyo tofauti ya 1.8 ni kama mara 500. Tetemeko lenye nguvu mara mia tano likaua sehemu ndogo sana. Umbali wa kitovu kutoka mji mkubwa na kina chake vina mchango, lakini kanuni za ujenzi, nondo ndani ya nguzo, na ukaguzi vina mkono mkubwa.

#22 KitendawiliTega
Nondo halisi safari hii, Chanikiwiti utafurahi. Lakini mmehamisha swali tu. Mtoto aliyefukiwa hakuchanganya zege. Kwa nini uzembe wa mjenzi ulipwe na kichanga? Halafu tetemeko lenyewe bado halina mwenyewe.

#23 Ubao Mweusi
Mwenyewe wanampa hivi: ulimwengu wenye kanuni thabiti. Mabamba ya ardhi yanayotikisa ndiyo yanayozungusha kaboni kati ya mwamba na anga kwa mamilioni ya miaka na kuisaidia hali ya hewa isiharibike. Zima mabamba, umegusa uhai. Na kama maumbile yangebadilisha kanuni kila mtu anapokaribia kuumia, hakuna ambaye angejifunza matokeo ya tendo lake.

Inapopwaya ni kwenye kiasi. Hoja inaonyesha kanuni lazima ziwepo. Haionyeshi lazima ziwe *hizi*, wala kwamba kuingilia mara moja moja kungebomoa kila kitu. Na anayeamini miujiza ameshakubali kwamba kuingilia kunatokea. Hapo swali linageuka: kwa nini pale na si hapa?

#24 Kiwavi
Jina langu linanilazimisha kuingia. Wote mnaongea habari za watu. Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, alimwandikia mwenzake Asa Gray tarehe 22 Mei 1860 kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliwabuni kwa makusudi nyigu wa jamii ya Ichneumonidae. Wengi wao hutaga yai mwilini mwa kiwavi, buu linaanguliwa na kula kutoka ndani, na katika jamii nyingi linaanza na mafuta na kuacha viungo vya uhai hadi mwisho, ili nyama isiharibike. Kama kiwavi anahisi maumivu hasa, hilo bado linabishaniwa. Lakini wanyonyeshao wanahisi, na waliteseka mamilioni ya miaka kabla hajatokea binadamu wa kutenda dhambi. Hiari haigusi hapo, wala kosa la Adamu, wala kukomaa kwa tabia. Katika yote yaliyoandikwa humu, ni fidia ya Mu'tazila (#14) tu iliyowakumbuka wanyama, na nayo inalipa, haielezi.

#25 BintiMizani
Hapo ndipo hoja ilipohamia kuanzia miaka ya 1970, kutoka "haiwezekani" kwenda "haielekei". Mwanafalsafa William Rowe, 1979: swala mchanga ameungua katika moto wa msituni, amelala kwa uchungu siku kadhaa hadi kufa, hakuna aliyemwona, hakuna aliyejifunza. Rowe hasemi ni lazima haina faida. Anasema hatuoni faida yoyote, kwa hiyo yaelekea haipo.

Stephen Wykstra alimjibu 1984: kutoka "sioni" hadi "hakipo" kuna daraja, na daraja linabeba tu ikiwa kitu hicho *kingeonekana* kama kingekuwepo. Ukichungulia chumba usione tembo, tembo hayupo. Ukichungulia kutoka mlangoni usione kiroboto, hujathibitisha chochote. Sababu za Mungu ni tembo au kiroboto?

#26 Sikio la Kufa
Zikiwa viroboto, basi na ahadi zake ni viroboto. Ikiwa siwezi kujua sababu zake za kuruhusu mateso, najuaje hana sababu ninazoshindwa kuziona za kunidanganya? Dawa hiyo inaua mgonjwa na daktari wake.

#27 BintiMizani
Ndiyo pingamizi kali kuliko yote dhidi ya Wykstra, na umelisema kwa kejeli bila kujua limeandikiwa makala chungu nzima.

#28 Sikio la Kufa
Nilijua. 😏

#29 Mkaa Jivu
Dini za karma mmezipita. Brahma Sutra, maandiko ya Wahindu, 2.1.34 hadi 36 inajibu hasa shutuma hii: Mungu ana upendeleo na ukatili? Shankara, mfafanuzi wa maandiko hayo, anafafanua kwa mvua. Mvua ni moja, mpunga ukaota mpunga na shayiri shayiri, tofauti iko kwenye mbegu. Mbegu ni matendo ya maisha yaliyopita. Anajiuliza mwenyewe: na mwanzoni kabisa, kabla ya tendo lolote? Anajibu: hakuna mwanzo, mzunguko hauna siku ya kwanza.

Tatizo linajulikana. Deni linalosogezwa nyuma milele halijawahi kuelezwa lilianzaje, na hukumu ni ngumu kwa anayeteseka: umejitakia. Ila msiwaingize Wabuddha kwenye kapu hilo kizembe. Katika mazungumzo na mtu aitwaye Sivaka, Buddha anapinga kabisa kwamba kila maumivu ni karma. Anataja visababishi vinane: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hivyo, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa, na karma ni kimoja tu. Na kwa kuwa hawana muumba muweza wa yote, mambo ya mleta mada hayawabani. Kwao mateso ni ugonjwa wa kutibiwa.

#30 Kurunzi
Injili nayo inapinga hesabu hiyo. Luka 13: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, Yesu anauliza kama walikuwa wakosefu kuliko wengine, anajibu la. Yohana 9, kipofu tangu kuzaliwa: si yeye aliyekosa wala wazazi wake.

Na Ayubu ndiyo kabisa. Marafiki wanashikilia kanuni ya "umevuna ulichopanda" sura baada ya sura. Mungu akitokea sura ya 38 hatoi sababu hata moja. Anauliza maswali juu ya bahari, nyota, mbuni. Shetani wa sura mbili za kwanza hatajwi tena. Halafu 42:7, Mungu anawakasirikia *marafiki* waliomtetea, anasema Ayubu aliyelalamika ndiye aliyenena yaliyo sawa.

#31 Mzee Tafakuri
Mwanafalsafa Kant aliishikilia Ayubu hivyo hivyo mwaka 1791, katika insha ya kueleza kwa nini kila jaribio la teodisia limeshindwa. Kilichompendeza ni unyofu: Ayubu kasema anachofikiri, marafiki wamesema walichodhani kitampendeza aliye juu, kama wanasikilizwa.

#32 Nahau
Hesabu ya mwisho ya Ayubu mmeiona? Kondoo 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Jozi 500 za ng'ombe, 1,000. Punda 500, 1,000. Kila kitu mara mbili. Watoto walikuwa wana saba na mabinti watatu. Mwishoni: wana saba, mabinti watatu. Hawakuzidishwa.

#33 Chanikiwiti
Duh.

#34 Kurunzi
Wafasiri wa zamani walisema hawakuzidishwa kwa sababu wa kwanza hawakupotea, wapo kwa Mungu, kwa hiyo jumla ni ishirini. Wengine wanasoma kinyume: mwandishi anakuonyesha kwamba mtoto hafidiwi.

#35 Kiwavi
Hilo linaua teodisia ya mwanafalsafa John Hick ya 1966, iliyotoka kwa Irenei wa Lyon, askofu wa kale: dunia ni chuo cha kukuza roho, bila hatari hakuna ujasiri, bila uhitaji hakuna huruma. Wapi inaharibika? Chuo hiki kinawavunja wengi kuliko kinavyowakuza, na watoto wa kwanza wa Ayubu hawakuwa wanafunzi, walikuwa vifaa vya darasa la baba yao.

#36 BintiMizani
Hick aliliona, ndiyo maana alisukuma chuo hadi baada ya kifo na kusema mwishowe wote watafika. Marilyn McCord Adams, 1999, aliweka sharti kali zaidi: haitoshi jumla ya dunia iwe nzuri, shari ya kutisha ishindwe *ndani ya maisha ya yule yule aliyeteseka*. Kwa sharti hilo teodisia nyingi zinafeli kabla ya kusahihishwa.

#37 Mkaa Jivu
Kuna mlango ambao hakuna aliyeugusa: kulegeza "anaweza yote". Wafuasi wa mwanafalsafa Whitehead, ambaye kitabu chake kikuu ni cha 1929, wanasema Mungu hushawishi, halazimishi, kwa sababu kulazimisha hakumo kabisa katika uwezo wake. Anateseka pamoja nasi.

#38 Sikio la Kufa
Yaani daktari hana dawa ila analia vizuri.

#39 Msomi wa Kalam
Na huyo humwombi mvua.

#40 Ubao Mweusi
Nami natupia jiwe. Mwanafalsafa Stephen Law, 2010: chukua Mungu *mwovu* muweza wa yote. Utaniuliza wema unatoka wapi, nitakujibu kwa kugeuza majibu yenu yote. Katupa hiari ili maovu yetu yawe yetu kweli. Katupa watoto ili tuumie zaidi wakifa. Sababu zake hazichunguziki. Kama mnamcheka huyu, mbona yule wa upande wa pili hamumcheki kwa majibu yale yale?

#41 Kurunzi
Ukishika nadharia ya upungufu (#11) mizani haiko sawa: shari ni kasoro ya kitu, kwa hiyo "shari tupu yenye uwezo wote" ni kama shimo lisilo na ukingo.

#42 Sikio la Kufa
Tumerudi kwenye jino langu. #12.

#43 KitendawiliTega
Wakuu, nabadilisha dai langu. "Haiwezekani" naiondoa, #2 na #4 wameniweza. Sasa nasema hivi: kila jibu humu linafaa shari ya aina moja na linaacha nyingine. Hiari kwa muuaji, kanuni kwa tetemeko, chuo kwa aliyepona, fidia kwa mnyama. Mtu akiyashona yote pamoja, anapata shuka au viraka tu?

#44 BintiMizani
Kwa nini iwe sababu moja? Vifo havina sababu moja na hakuna anayesema tiba ni viraka.

#45 Nahau
Viraka ndiyo shuka, ukishavishona. Ila bado hamjanijibu #32: ishirini, au kumi?

#46 Msomi wa Kalam
Kwetu Sura 38:43 inasema Ayubu alirudishiwa watu wake na mfano wao pamoja nao. Wapo waliofasiri ni wale wale walihuishwa, na wapo waliosema ni wengine. Hesabu hiyo nayo haijafungwa.